Mpatanishi Mwenye Bei Yake

Hadithi za madude makubwa huwa hazina nafasi kwa mtu wa maneno. Dude linaibuka baharini, majengo yanalala chini, jeshi linafyatua mizinga isiyosaidia kitu, halafu dude la pili linatokea kupigana na la kwanza. Wanadamu wao ni kukimbia na kutazama juu. Hakuna anayekaa kitako na mnyama mrefu kama ghorofa akamuuliza, wewe shida yako hasa ni nini?

Kwa sababu hiyo The Big O, mfululizo wa katuni za runinga kutoka Japani, imenikaa moyoni kuliko mfululizo mwingine wowote wa jamii hii. Shujaa wake, Roger Smith, kazi yake ni upatanishi wa kulipwa. Mtu ametekwa nyara, kampuni imegombana na mfanyakazi, mwenye siri anataka kuiuza na mwenye fedha anataka kuinunua: anaitwa Roger. Anavaa suti nyeusi, anaendesha gari jeusi, anakaa mezani, anaongea. Maneno yakishindwa, na mara nyingi yanashindwa, anaita kupitia saa iliyo mkononi mwake na roboti kubwa nyeusi, Big O, inapanda kutoka chini ya ardhi kumalizia mazungumzo kwa ngumi. Mtu mmoja ana ulimi wa dhahabu na ngumi za chuma, na mfululizo mzima unamuuliza anavitumia kwa ajili ya nani.

Jibu lake la mwanzo ni kwa ajili ya nafsi yake. Jibu la mwisho ni jingine kabisa, na nataka kusimulia alivyotoka huku akafika kule. Nitakwenda mpaka sehemu ya mwisho bila kuficha, kwa hiyo ambaye hajautazama na anapenda kushtukizwa aniache hapa, autazame kwanza, arudi.

Mfululizo huu ulitengenezwa na studio ya Sunrise ya Japani. Aliyeuongoza ni Kazuyoshi Katayama, wahusika walichorwa na Keiichi Sato, na mwandishi mkuu alikuwa Chiaki J. Konaka. Ulianza kurushwa Oktoba 13, 1999 kwenye kituo cha runinga cha WOWOW. Ulipangwa uwe na sehemu 26, lakini watazamaji wa Japani hawakuuchangamkia, ukakatwa katikati ukabaki na 13; nyingine 13 zilikuja miaka kadhaa baadaye. Ukitazama michoro utaona vivuli vizito, barabara zenye mvua, wanaume wa kofia na makoti marefu. Sunrise walikuwa wamefanya kazi ya uchoraji kwenye katuni ya Batman ya Marekani miaka michache kabla, na mkono wao uleule unaonekana hapa.

Mji wenyewe unaitwa Paradigm City. Miaka 40 kabla ya hadithi kuanza, jambo lilitokea na watu wote wakapoteza kumbukumbu za kila kilichokuwepo. Hawajui nani alijenga majengo wanamoishi, nani alitengeneza mashine wanazozikuta chini ya ardhi, wala wao wenyewe walikuwa akina nani. Wenye nacho wanaishi chini ya makuba makubwa, na walalahoi wamesukumwa nje kwenye magofu. Kampuni ya Paradigm ndiyo mwenye mji, na polisi wa kijeshi ni wake.

Hebu fikiria upatanishi katika mji wa namna hiyo. Watu wakigombana shamba, huwa kuna mzee anayekumbuka mpaka ulipopita, au kuna karatasi. Hapa hakuna mzee, na karatasi hakuna anayejua kama ni ya kweli. Madai yote ni mapya na kila mtu anaweza kudai lolote. Katika hali hiyo kuna njia mbili tu za kumaliza ugomvi, maneno au mabavu, na mtu anayeyamudu maneno atakula vizuri. Roger anakula vizuri. Ana jumba, ana mtumishi mzee mwaminifu, Norman, mwenye kiraka jichoni, anayepika na pia kuitengeneza roboti. Ana mkusanyiko wa shisha za mchanga za kupimia wakati. Anaamka jua likiwa limeshapanda sana. Ameweka sheria kwamba kila anayeishi chini ya paa lake avae nyeusi, na mlango wake uko wazi bila masharti kwa wanawake warembo tu.

Huyo ndiye tunayekabidhiwa. Si mtu mbaya. Alikuwa polisi wa kijeshi, akaacha kwa kuchoka kuwa kibaraka wa kampuni, na habebi bunduki. Ana heshima zake na anazijua mno. Lakini maisha yake yamezungushwa kumzunguka yeye mwenyewe, na kazi yake ameiweka chini ya methali isiyoandikwa popote nyumbani kwake ingawa inasikika kila mahali: mkono mtupu haulambwi.

Kazi ya kwanza tunayomwona akiifanya inaonyesha vizuri alivyo. Mwenye kiwanda aitwaye Miguel Soldano anamwajiri amkomboe binti yake Dorothy, aliyetekwa nyara na genge la Jason Beck. Roger anafanya kazi yake kwa ustadi. Masharti yanajadiliwa, fedha zinatolewa, binti anapokewa. Kisha inadhihirika kwamba huyo binti ni roboti, umbo la msichana mweupe kama karatasi, macho makavu, sauti isiyopanda wala kushuka. Kilichonivutia ni namna Roger anavyolipokea jambo hili. Hasikitiki kwa ajili ya baba, na hamhurumii huyo msichana wa bandia anayekuja mwenyewe mlangoni kuomba alindwe. Anachukizwa kwamba kazi yake imeingia doa. Soldano anapouawa, Roger anaendelea na kesi kwa sababu ya mkataba. Jina lake ndilo linalomuuma.

Wapo wanaoona huo ndio uungwana. Mtu akisema atafanya, afanye. Mimi naona ni zaidi ya hapo na pungufu ya hapo. Mtu anaweza kutimiza ahadi zake zote na bado asimwone yeyote kati ya wale aliowaahidi. Roger wa sehemu za mwanzo anaona wateja na anaona wapinzani. Anakaa katikati yao, na pale katikati pana starehe yake, kwa sababu mtu wa katikati hapotezi kitu. Upande wa kushoto ukishindwa, ni wao. Upande wa kulia ukilia, ni wao. Yeye anakunja mkoba wake na kuondoka.

Waliowahi kufanya mapatano makubwa wanajua kwamba nguvu ya mpatanishi iko hapo hasa, kwenye uwezo wa kuinuka mezani. Anayekuhitaji kuliko unavyomhitaji atakubali masharti yako. Asiye na haraka atamshinda mwenye haraka. Roger ana nguvu hiyo kwa wingi, maana hakuna meza yoyote mjini ambayo hawezi kuiacha. Sehemu 26 za mfululizo huu, kwa macho yangu, ni habari ya mtu anayenyang'anywa uwezo huo kidogo kidogo, na kila anaponyang'anywa anakuwa mtu zaidi.

Wa kwanza kumnyang'anya ni Dorothy. Baada ya kesi yake kumalizika anabaki kwenye jumba akiwa mtumishi, naye anavaa nyeusi kama sheria inavyotaka. Anazitii sheria za nyumba huku akimwambia mwenye nyumba waziwazi kwamba ni mtu wa ovyo. Roger amezoea watu kumsifu au kumwogopa, na huyu hafanyi hata kimojawapo. Halafu kuna piano. Dorothy anajifunza kupiga piano kwa roboti mwenzake mwanamuziki, Instro, lakini hata kabla ya hapo vidole vyake vilikuwa na kasi na nguvu kama cherehani, kila noti mahali pake, bila pumzi. Anakipiga hicho kinanda asubuhi, kwa sauti kubwa, Roger akiwa bado amelala. Roger anaruka kitandani, nywele zimesimama, anashuka kulalamika. Anakuta uso usiobadilika. Kesho yake ni vilevile.

Vichekesho hivyo vya nyumbani watu wengi huvichukulia kama mapumziko kati ya vita na vita. Mimi navichukulia kama vita vyenyewe. Mle ndani Roger anashindwa kila mazungumzo. Hana cha kumwahidi Dorothy, kwa kuwa hahitaji fedha. Hana cha kumtishia. Hawezi kuinuka mezani kwa sababu meza ni ya kwake na nyumba ni yake. Anajikuta anaishi na mtu ambaye hawezi kumweka kwenye daftari la wateja wala la wapinzani, na taratibu anaanza kumsikiliza kwa sababu tu yuko pale. Mla nawe hafi nawe, wahenga walisema, lakini anayekula nawe kila siku anakuzoesha kumtazama.

Nje ya nyumba, kesi iliyonifanya nimwangalie Roger kwa jicho kali ni ile ya sehemu ya nne. Gazeti la Paradigm linamwajiri apeleke malipo ya kuachishwa kazi kwa mwandishi wao aliyepotea, Michael Seebach. Ukiitazama haraka ni kazi safi. Mfanyakazi ana haki yake, apewe. Ukiitazama vizuri inanuka. Seebach alikuwa anachimba ukweli wa miaka 40 iliyopita, na zile fedha ni za kumfunga mdomo, zimepakwa rangi ya kiinua mgongo. Roger si mjinga, lakini anakubali. Kazi ni kazi.

Anamfuata chini ya ardhi, mahali ambapo watu wa mji ule hawathubutu kushuka, na hofu inamkamata yeye pia. Nilipenda sana walivyoionyesha hofu hiyo. Mtu ambaye uso wake haubadiliki mbele ya majambazi anatoka jasho gizani na kushindwa kupumua sawasawa, bila adui yeyote mbele yake. Anapokutana na Seebach anamkuta ameungua, mwili mzima umefungwa bandeji, amejipa jina la Schwarzwald, na fedha hazimgusi hata kidogo. Anataka ukweli, na yuko tayari kuuchoma mji ili aupate.

Hapo wanakutana mtu mwenye bei na mtu asiye na bei, na mwandishi mwepesi angemfanya asiye na bei kuwa mtakatifu. Konaka hakufanya hivyo. Schwarzwald hanunuliki, ni kweli, lakini watu nao hana habari nao. Wakifa katika moto wake ni sawa tu, mradi ukweli umejulikana. Roger anaona kwamba kukataa fedha peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwema, na kwamba yeye na huyu kichaa wanafanana kwa jambo moja: wote wawili wana kitu wanachokipenda kuliko mtu aliye mbele yao. Mmoja anapenda ukweli, mwingine anapenda jina lake la kazi. Schwarzwald anarudi baadaye, katika sehemu ya 12, akiwa ndani ya roboti ya pili, Big Duo, inayoruka angani. Anapigana na Roger kwa furaha ya mtu ambaye hana cha kuacha nyuma.

Madude yenyewe yanastahili neno. Mji huu hauvamiwi na mnyama wa aina moja. Kuna roboti zilizotengenezwa na wahalifu, kuna kiumbe kama mkunga wa umeme kwenye bwawa, kuna mti unaokua ghafla mpaka kutisha mji siku ya sikukuu, na kuna sehemu ya nane, ambayo paka aliyepata makao kwa Dorothy anahusika na majaribio ya mtaalamu anayegeuza viumbe kuwa majitu. Karibu kila dude lina mtu ndani yake au nyuma yake. Ama limetengenezwa na mtu mwenye tamaa, ama limetokana na mtu aliyedhulumiwa. Ndiyo maana shujaa mpatanishi anafaa katika hadithi hii kuliko rubani wa kawaida. Dude ni malalamiko ambayo hayakupata mtu wa kuyasikiliza mapema, na Roger amekuwa akifika amechelewa, huku ameshalipwa.

Na kila anapoingia kwenye kiti cha Big O, kabla ya ngumi ya kwanza, maandishi yanawaka kwenye kioo mbele yake kumwambia kwamba ameumbwa kwa jina la Mungu na hana hatia. Katika msimu wa kwanza maneno hayo yanapita kama pambo. Roger anaketi, anaambiwa hana hatia, anaanza kazi. Kwa mtu anayejipenda, ni kiti kizuri sana hicho. Ila mashine hii inahukumu kweli, na tutaliona hilo baadaye.

Msimu wa kwanza uliishia katikati ya hofu, na majitu matatu ya kigeni yakiujia mji kutoka baharini. Sehemu ya 13 ilirushwa Januari 2000. Waliokuwa wanafuatilia wakaachwa hivyohivyo kwa takriban miaka mitatu. Kilichouokoa mfululizo ni watazamaji wa Marekani. Ulianza kuonyeshwa kule Aprili 2001 kwenye Cartoon Network, katika kipindi cha Toonami, ukapendwa, na kituo hicho kikashiriki kugharamia msimu wa pili. Walikuwa na maombi mawili: vita viongezwe, na fumbo la mji lifumbuliwe. Nikitazama msimu wa pili ulioanza Januari 2003 naona shinikizo hilo likiufanyia mema. Konaka alikuwa na tabia ya kuacha milango wazi. Kulazimishwa kufungua mmoja kulimlazimisha kumpeleka Roger mahali ambapo asingefika kwa hiari.

Sehemu ya 14, ya kwanza ya msimu huo, ndiyo ninayoirudia mara nyingi zaidi. Katikati ya mapigano na yale majitu matatu, Roger anajikuta barabarani, nguo zimechakaa, hana nyumba, katika mji ambao hakuna anayemfahamu. Jumba halipo. Norman hamjui. Dorothy ni msichana wa kawaida mwenye maisha yake. Anajaribu kujieleza, na kila mlango anaogonga unamtazama kama unavyomtazama mwombaji. Kwa mara ya kwanza mpatanishi mkuu wa Paradigm City hana cha kuweka mezani. Hana jina, hana fedha, hana suti. Amekuwa miongoni mwa wale wanaoishi nje ya makuba, ambao alikuwa akiwapita kwa gari lake jeusi bila kupunguza mwendo.

Mtazamaji akitaka kujua Roger anaanza kubadilika lini, ni hapo. Anaporudi kwenye kiti cha roboti hajapata uhakika wowote kuhusu yeye ni nani. Wasiwasi huo unabaki naye mpaka mwisho, tena unazidi, kwa sababu mzee Gordon Rosewater, baba wa mwenye kampuni, amekuwa akizungumzia watu wa mji kama nyanya alizozilima shambani kwake. Roger anajiuliza kama na yeye ni nyanya mojawapo, kama kumbukumbu zake chache zilipandwa tu. Ila amerudi kwenye kiti akijua maisha yake yanafananaje yakiondolewa kila kitu. Kuanzia hapo namna anavyowatazama wateja wake imebadilika. Anauliza zaidi, anakaa muda mrefu zaidi, anakubali kesi ambazo hazina faida kwake.

Dhidi yake wamewekwa watu wawili wanaonisaidia kumwona vizuri zaidi. Alex Rosewater, mkuu wa Paradigm, anataka mji wote uwe wake kama mtu anavyomiliki kabati, na waliomo ndani ya kuba tu ndio anaowahesabu. Alan Gabriel, mtumishi wake, nusu mtu nusu mashine, hana anachokitaka zaidi ya raha ya kuharibu. Ni Alan anayemvamia Dorothy na kumnyang'anya kumbukumbu, akamwacha kama kinyago kilichozimika. Roger aliyekuwa anasikitikia doa kwenye kazi yake sasa anasimama mbele ya mwili usiosema, na hakuna mkataba unaohusika. Hajaajiriwa na mtu. Anaumia tu, na nilimpenda hapo kuliko katika ushindi wake wowote.

Kisha Alan anaketi kwenye kiti cha Big Duo, na yale maandishi yanawaka mbele yake kama yalivyokuwa yakiwaka kwa Roger. Ila neno moja halipo. Anaambiwa ana hatia. Nyaya zinatoka kwenye mashine zinamkamata, na huo ndio mwisho wake. Tangu nilipoliona hilo, kila nikirudi kwenye msimu wa kwanza nayasoma maandishi ya Roger kwa hofu. Kumbe kila mara alipoketi pale alikuwa anapimwa. Alipita, pamoja na majivuno yake yote, kwa sababu ndani yake kulikuwa na nafasi ya mtu mwingine hata kabla yeye mwenyewe hajaijua.

Dorothy anarudi, na yumo pamoja na Roger katika vita vya mwisho dhidi ya Big Fau, roboti ya Alex. Nitavipita vita hivyo haraka. Vimechorwa vizuri, vina kishindo, na muziki wa Toshihiko Sahashi unavibeba, lakini jambo lenyewe liko nyuma yake. Linatokea jitu jingine, Big Venus, na popote linapopita mji unafutika. Hauvunjwi wala hauungui. Majengo, barabara na watu wanaondoka kana kwamba hawakuwahi kuchorwa. Na jitu hilo ni Angel, mwanamke ambaye tangu sehemu ya tatu amekuwa akiingia na kutoka kwenye maisha ya Roger kwa majina tofauti, mara mteja, mara jasusi, mara rafiki. Tunaonyeshwa Angel mwingine kwenye chumba cha mitambo, mbele ya runinga nyingi zinazomwonyesha matukio ya nyuma kati yake na Roger, na kitabu mezani chenye jina lake kama mwandishi. Mji mzima ni kama tamthilia, na mwenye tamthilia amechoka nayo.

Roger anafanya nini? Anayo roboti yenye ngumi zinazopasua milima. Anaongea.

Tazama meza hiyo ilivyo. Upande wa pili kuna mtu anayeweza kufuta kila kitu na hana hasara yoyote akifanya hivyo. Upande huu kuna mtu asiye na fedha ya kutoa, asiye na tishio, asiye na mlango wa kutokea, kwa sababu nje ya mazungumzo hayo hakuna mahali. Kwa kanuni zote za kazi yake ameshashindwa kabla ya kufungua mdomo. Mkono wake ni mtupu kabisa. Anamsihi Angel aachane na yaliyopita, yawe yalitokea kweli au yalitungwa, amtazame mtu anayeishi sasa na siku inayokuja. Anamwambia hayo akiwa mtu ambaye mwenyewe hana yaliyopita ya kushikilia. Zile hoja zinatoka kwenye barabara ya sehemu ya 14, kwenye piano ya asubuhi, kwenye bandeji za Schwarzwald aliyeupenda ukweli wa jana kuliko watu wa leo. Amepoteza kile kipaji chake cha kukaa katikati. Ana upande. Ni upande wa watu wote wa mji ule, nyanya kwa zisizo nyanya, na upande wa yule anayezungumza naye pia, kwa sababu anamwombea Angel kama anavyouombea mji.

Big Venus na Big O zinaungana, na kila kitu kinaanza upya. Tunamwona Roger akiendesha gari lake barabarani kama katika sehemu ya kwanza, na kando ya barabara wamesimama Dorothy na Angel wakimtazama.

Nimesoma malalamiko mengi juu ya mwisho huo, na lile zito linasema hivi: kama kila kitu kimeanza upya, basi ukuaji wote wa Roger umefutwa, na tumerudishiwa yule bwana mwenye bei. Nalielewa. Lakini naona linasahau nani aliyebadilishwa na yale mazungumzo. Roger hakuwa akijiombea kumbukumbu zake zibaki. Angekuwa bado yule wa mwanzo, hilo ndilo sharti la kwanza ambalo angeliweka mezani: mimi nibaki kama nilivyo, mengine tutajadili. Aliomba mji uwepo. Kama gharama yake ni yeye kuendesha gari tena bila kujua alichokifanya, aliilipa, na hakuandika ankara. Na Angel, ambaye dakika chache kabla alikuwa hana sababu ya kuacha hata jiwe moja, sasa yuko ndani ya mji, chini barabarani, karibu na Dorothy, badala ya kule juu kwenye runinga zake.

Cartoon Network walikuwa na nafasi ya kuagiza sehemu nyingine 26, hawakuitumia, kwa hiyo hatukupata kuona walioanza upya waliishije. Wengine wanasikitika. Mimi ningependa kuziona, sikatai, hasa kumwona Norman. Ila mazungumzo yale hayakuhitaji sehemu nyingine ili yathibitishwe. Mwenye uwezo wa kufuta aliombwa asifute na mtu asiye na cha kumpa, na hakufuta.